Zile si chenga

Ndugu mwandishi, nimekusoma hadi mwisho, ila hapo uliposema toleo la 4K la True Lies la 2024 limetakata, hapana. Limetakata mno, na ndiyo kasoro yake. Simamisha picha Arnold Schwarzenegger akiwa karibu na kamera: shavu linang'aa kama la sanamu ya nta, nywele zimeshikana utadhani zimepakwa gundi. Filamu ile ya 1994 ilipigwa kwa mkanda wa milimita 35, na mkanda una chembechembe zake. Zile si chenga za antena iliyopinda! Ndizo zinazobeba picha. Programu ikizifuta, inaondoka na vinyweleo na mikunjo ya ngozi, halafu inabuni ya kwake.

Mchezo huu si mgeni. Predator ya Blu-ray ya 2010 ililalamikiwa kwa hilihili, na waliokuwa na diski ya 2008 wakaing'ang'ania.

Ukitaka kuona kazi ya mafundi, tafuta filamu tatu za Apu za Satyajit Ray. Negativu ziliungua London mwaka 1993. Kule Bologna walizilainisha zilizokakamaa, wakaziunga kwa mkono, na palipoharibika kabisa wakachukua kutoka nakala nyingine. Chembechembe wameziacha. Kwenye Pather Panchali, mvua inapoanza, unaona tone mojamoja likitua majini.

Bei ya seti? Hiyo tuiache. Mke wangu hajui mpaka leo.