Utulivu wa Madale Wanaufaidi Mbwa

Ilikuwa kwenye sherehe ya kipaimara, ukumbini Sinza, nina sahani ya pilau mkononi. (Kipaimara siku hizi kina kamati, kina mchango, kina sare na MC, hilo nitalilia siku nyingine.) Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akaniangalia kama anayemwangalia mgonjwa. "Shemeji, bado mpo tu Magomeni kwenye yale makelele? Tafuta hata ishirini kwa ishirini huku kwetu Madale, upumzishe kichwa." Meza nzima ikaitikia kama vile kasoma injili.

Nimeuchoka wimbo huu. Kila mwenye kamshahara Dar es Salaam ameshaaminishwa kwamba amani inauzwa na dalali, kwa mita, mbali na lami. Naye dalali anakuapia ni "dakika kumi tu kutoka barabarani." Dakika hizo hupimwa kwa bodaboda, kiangazi, dalali mwenyewe akiwa na haraka ya asilimia kumi yake. Jaribu mwezi wa nne, mvua za masika zikishachimba korongo katikati ya njia.

Lakini tuache njia. Tupige hesabu ya shemeji. Duka lake liko Kariakoo. Anatoka Madale saa kumi na nusu alfajiri ili aikimbie foleni, na foleni anaikuta inamsubiri. Jioni anafunga duka, anapita Ubungo, kwenye Daraja la Kijazi tulilofunguliwa 2021 na ghorofa zake tatu za barabara, anakwama mbele yake, anafika kwake saa tatu usiku. Saa kumi na sita na nusu hayupo nyumbani. Zinazobaki anakula, anaoga, anakoroma. Naomba mtu anieleze: huo utulivu alioununua anausikia saa ngapi?

Watoto je? Basi la shule linawazoa saa kumi na moja, giza totoro, linawarudisha jioni wamelala na begi mgongoni. Jumamosi baba yuko dukani. Jumapili asubuhi kanisani, mchana kikao cha harusi, na vikao vya harusi havifanyiki Madale. Wanaobaki kuufaidi ule ukimya ni dada wa kazi na mbwa wawili. Mtu kakopa benki, kauza shamba la urithi, kajenga ukuta na kufunga geti la chuma, ili mbwa wapate mahali pa kupumzika mchana.

Nasema mchana, kwa sababu usiku nao hawana mpango wa kupumzika. Nimelala kule Jumamosi moja. Alianza mbwa mmoja bondeni, akajibiwa na wa pili, kufika saa sita bonde zima lilikuwa bungeni. Ng'ambo ya korongo kanisa la turubai lilikuwa na mkesha, spika nne, waumini nadhani kumi na wawili. Vyura siwahesabu, wao ndio wenyeji. Alfajiri, nilipoanza kusinzia, jirani akawasha mashine ya kufyatua tofali.

Asubuhi ikakosekana chumvi. Magomeni chumvi ikiisha unatuma mtoto mlango wa pili, anarudi nayo na habari za mtaa juu yake. Kule mlango wa pili ni ukuta wenye vipande vya chupa juu. Ikaitwa bodaboda. Nauli ya kufuata chumvi ilizidi bei ya chumvi mara nne. Mke wa shemeji akaniambia, bila kuona ajabu yoyote, kwamba jirani wa nyuma alifiwa na mama yake na wao walijua siku ya pili, walipoona turubai na viti.

Naujua utetezi wao. Watasema huku kuna ndege, asubuhi wanaimba. Sawa. Na mimi nina ndege. Nina kunguru, ukoo ulioletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, hawachelewi kazini na hawaombi likizo. Kama mtu anahama kilomita ishirini na kitu kumfuata ndege, amfuge.

Tena wanasahau kwamba pembezoni hapakai pembezoni. Sinza ile tuliyokula pilau iligawiwa viwanja miaka ya 1970, na waliopewa walionewa huruma kwamba wametupwa porini. Nendeni Ijumaa usiku mkasikilize pori hilo. Sensa ya 2012 ilikuta mkoa una watu 4,364,541. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Hao milioni moja na ushee hawakubanwa Kariakoo. Wengi wameelekea huko huko, kila mmoja akitafuta utulivu, kila mmoja na lori lake la mchanga.

Mwalimu Nyerere alifundisha Pugu, penye msitu na ukimya wa kumtosha yeyote. Mpaka alipoacha kazi mwaka 1955, kila alipotaka kusema na watu wa TANU ilibidi ateremke mjini. Nyumba aliyojenga yeye iko Magomeni, leo ni makumbusho. Na wale wapangaji wa Magomeni Kota, waliobomolewa nyumba zao, kaya 644, walidai kurudi pale pale miaka nenda rudi, wakakabidhiwa maghorofa 2022. Wenye kuujua mji wanajua wanachogombania.

Mimi natembea dakika tano nafika kituo cha mwendokasi Mapipa. Hapo nitatulia, maana nikianza kueleza yanayofuata baada ya kufika kituoni shemeji atapata cha kujibia.

Isipokuwa shemeji hana uso wa kujibu. Kuna jambo hakulisema pale mezani na mimi kwa adabu nikalimeza na pilau. Kila wiki, mara mbili au tatu, simu inalia saa moja usiku. "Shemeji, Ubungo pamefunga. Naomba nijishikize hapo kwako kidogo, foleni ipungue." Anakuja, anavua viatu, anajilaza kwenye kochi langu. Dirishani mama lishe anagombana na mteja wake, adhana ya isha inatoka misikiti mitatu isiyokubaliana saa, vijana wa juu wanasikiliza mpira. Anakoroma mpaka saa nne. Juzi mke wangu kamnunulia mto wake mwenyewe.