Tusichague Samaki kwa Rangi Tu

Wengi wafugao samaki klauni katika matangi ya kioo hutafuta rangi kwanza: weusi, ambao asili yao ni pande za Darwin, Australia, au wale ambao mistari yao myeupe imevurugika. Mimi nasema watazame ukubwa kwanza. Katika samaki hawa hakuna azaliwaye jike. Aliye mkubwa kuliko wote huwa jike, wa pili ndiye mumewe; jike akifa, mume hugeuka jike, wala harudi kuwa dume. (Katika filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003 mama alikufa, baba akabaki baba. Uwongo mtupu!) Basi anunuaye majike mawili kwa kupenda rangi zao amenunua vita. Heri achukue mkubwa mmoja na mdogo mmoja. Mweusi na wa rangi ya chungwa, kama ni wa jamii moja, wataoana bila taabu.

Tena aulize wametoka wapi. Wale wa mistari iliyovurugika wengi hutotolewa na wafugaji, na hilo nalisifu. Bali kumvua jike baharini ni kuvunja nyumba: mume hana budi ageuke, mdogo akue ashike mahali pake, na muda huo wote hapana mayai.