"Unasali Wapi?" Si Swali la Usaili



Likizo iliyopita nilitafuta kibarua Mbinga mjini, msimu wa kahawa. Nilienda na rafiki yangu wa tangu sekondari. Kazi ilikuwa kuandika stakabadhi na kutunza hesabu za wakulima. Mwenzangu ana stashahada ya uhasibu. Mimi nasoma sheria, hesabu zenyewe nabahatisha tu. Bosi akapitisha macho kwenye vyeti, akauliza: "Mnasali wapi?" Mimi nikataja parokia. Yeye, na hijabu yake kichwani, akasema msikitini. Jioni nikapigiwa simu nianze kesho yake. Yeye mpaka leo hajapigiwa.

Niseme ukweli unaonichoma: nilienda kazini. Nilihitaji nauli ya kurudi chuo. Kila asubuhi tulianza kwa rozari, na ole wako usifike. Kijana mmoja Mlokole alisimama pembeni bila kusali. Akaanza kuitwa mkorofi, na wiki ya tatu hakuitwa tena. Mimi nikanyamaza. Mwanasheria mtarajiwa!

Nilipokuja kumwomba mwenzangu radhi, alinijibu: "Ningenyimwa kwa sababu ya kadi ya chama, si mngepiga kelele nchi nzima?"

Makamanda, hapo ndipo penye kidonda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini. Katika orodha ya sababu zilizokatazwa, dini na maoni ya kisiasa vimekaa pamoja. Sisi tumeikariri nusu moja. Mwalimu akihamishwa kwa sababu ya siasa, tunakitaja kifungu. Binti akinyimwa kazi kwa sababu ya hijabu, eti "hayo ni mambo ya imani".

Kuna wanaosema biashara ni yake, pesa ni zake, aajiri amtakaye. Hapana. Kifungu hicho hicho kinamhesabu mwombaji wa kazi kuwa mfanyakazi. Kinasema pia kumbughudhi mtu kwa sababu hizo ni ubaguzi. Kweli, sheria inaruhusu sharti ambalo kazi yenyewe inalidai: katekista lazima awe Mkatoliki, hakuna ubishi. Lakini stakabadhi ya kahawa inahitaji ubatizo gani?

Wengine wananong'ona: tusiwaudhi watu wa Kanisa, wametusemea. Ni kweli, waraka wa maaskofu wa TEC wa Agosti 2023 kuhusu bandari tuliusambaza wengi wetu, mimi mmojawapo. Lakini kumkosoa bosi anayetumia rozari kama kipimo cha ajira si kulitukana Kanisa. Mimi ni Mkatoliki, na sala ya kulazimishwa inanidhalilisha hata mimi. Huku kwetu anayeumia ni Mwislamu na Mlokole. Kwingine anayeumia ni Mkristo. Uonevu ni ule ule.

Wenzetu Kenya wameliandika waziwazi kwenye Katiba yao ya 2010, Ibara ya 32: mtu asinyimwe ajira kwa sababu ya imani yake. Sisi tunaodai Katiba Mpya kila siku, sentensi kama hiyo tumewahi kuipigania lini?

Kwa hiyo nadai mambo matatu. Kwanza, makamanda wenye maduka, mashine na bodaboda, acheni kuuliza watu wanasali wapi. Pili, ilani yetu iahidi maafisa kazi wanaofika wilayani kukagua, si kukaa mkoani. Tatu, kila tawi liwe na mtu wa kumsindikiza aliyebaguliwa hadi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Muda ni mfupi: siku 30 kwa aliyeachishwa kazi, siku 60 kwa migogoro mingine. Ukionyesha dalili za ubaguzi, mzigo unahamia kwa mwajiri kuthibitisha kwamba hakubagua.

Siku 60 za mwenzangu zilipita mimi nikiwa mezani, kwenye kiti ambacho kingekuwa chake. Kifungu nilikuwa nakijua, mtihani wake nilishaufanya. Nilichokosa ni ujasiri. Msimu ujao, kamanda, mwenzako akiulizwa anasali wapi, usijibu la kwako ukanyamaza kama mimi. Uliza: "Swali hilo linahusu nini na kazi?"

Nguvu ya umma!