Kikuza Sauti Si Kipaza Sauti

Mwanafunzi wa Voi au Wundanyi aliyerithi kikuza nguvu cha kale, chenye valvu zing'aazo kama makaa, akiuliza kikuza awali kipi kitakifaa, lugha yetu humjibu kwa neno moja tu: kipaza sauti. Neno hilo hilo hutumika kwa maikrofoni, kwa spika na kwa mtambo wenyewe! Ilhali kanuni ni bayana: ukinzani wa mwingilio wa kikuza nguvu uzidi ule wa mtokeo wa kikuza awali angalau mara 10, na volti zitokazo zitoshe kukiamsha. Walimu wenzangu, tusipopambanua istilahi hizi darasani, wanafunzi wetu watanunua kwa kubahatisha, na fizikia itabaki milki ya Kiingereza.