TEZI ISIKATWE KWA MAZOEA

Saratani ya kikoromeo ni adui mkali. Ikisha kukomaa, mara nyingi madaktari hawana budi kukiondoa kikoromeo chote ili kuyaokoa maisha. Theodor Billroth aliufanya upasuaji huo kwa mgonjwa wa saratani mjini Vienna mwaka 1873, na hata leo mgonjwa hutoka hospitali akipumua kwa tundu la shingoni, sauti yake ya kuzaliwa imekwenda. Hiyo ni gharama kubwa. Je, yafaa kumtoza gharama nyingine pasipo lazima?

Gharama tunayoitaja ni tezi ya thairoidi. Tezi hii ina mabawa mawili yaliyolikumbatia bomba la pumzi, chini tu ya kikoromeo. Kwa sababu ya ujirani huo, wapasuaji wengi walizoea kuiondoa nusu yake, au yote, wakihofu kwamba saratani imekwisha kuingia humo. Hofu hiyo haikuwa ya upuuzi, kwani ugonjwa ukiachwa nyuma hurudi. Lakini tezi zilizotolewa zilipochunguzwa kwa darubini, na hesabu za hospitali nyingi zikajumlishwa, ilionekana kwamba saratani ilikuwamo kwa mgonjwa mmoja hivi katika kila kumi. Wale tisa walitolewa tezi isiyo na ugonjwa huo.

Wala tezi hii si kitu cha kuchezea. Mwaka 1883 Theodor Kocher, mpasuaji wa Bern katika Uswisi, alieleza jinsi wagonjwa wa rovu aliowatoa tezi yote walivyovimba uso, wakawa wazito wa mwendo na wa fikira. Siku hizi kuna vidonge vya kushika nafasi ya tezi, lakini aliyetolewa yote hana budi kuvimeza kila siku, maisha yake yote. Tena mionzi ambayo wagonjwa wengi hupewa baada ya upasuaji huweza kuidhoofisha hata nusu iliyosalia. Mfanyakazi wa namna hiyo asipotibiwa huchoka, huona baridi, hunenepa bila kula sana. Mnyapara humwita mvivu, naye hana sauti ya kujitetea.

Wako watakaosema kwamba afadhali kukata zaidi kuliko kumwacha adui nyuma. Nasi twakubali, pale dalili zinapokuwapo: saratani imeshuka mbali chini ya nyuzi za sauti, au imetoboa gegedu, au picha na macho ya mpasuaji yameiona ndani ya tezi. Hapo sehemu iliyo hatarini iondolewe bila kusita. Pasipo dalili hizo, na iachwe. Kukata kwa sababu ndivyo tulivyozoea si hoja.

Yatupasa basi kudai mambo matatu. Kwanza, mgonjwa aelezwe kabla ya kisu ni nini kitaondolewa na kwa sababu gani. Pili, damu yake ipimwe baada ya matibabu, tena irudiwe kupimwa miaka inayofuata, maana tezi yaweza kuzimika polepole. Tatu, vidonge vya tezi visikosekane. Shirika la Afya Duniani limeviweka katika orodha yake ya dawa za lazima. Si anasa ya matajiri.

Nasi wananchi tunao wajibu wetu. Tumbaku ndiyo mchochezi mkubwa wa saratani hii, na pombe huzidisha moto. Mtu akikwaruza sauti zaidi ya wiki tatu, asingoje wala asijidanganye kwa dawa za kikohozi, aende hospitali. Ugonjwa ukikamatwa mapema, mara nyingi huponywa kwa mionzi au kwa upasuaji mdogo, na kikoromeo kikabaki mahali pake. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa koo hujitangaza kwa sauti yenyewe. Tuusikilize ingali ipo.