Kisima Kimoja Ndani ya Garimoshi

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Mama mmoja msomaji wa safu hii ametuletea swali. Asafiripo na wanawe kwa reli kwenda Nairobi, watoto hulalamika kwamba simu hazishiki, na hutamani garimoshi liwe na intaneti ya bure isiyo na waya, hiyo iitwayo waifai. Auliza: je, tuiombe neema hii au tuiogope? Jawabu letu ni kuwa tuiombe, lakini kwanza tujue ni kitu cha namna gani, kwani hukumu ya jambo hufuata kulifahamu.

Intaneti ya garimoshi hutoka nje ya garimoshi. Juu ya paa huwekwa antena zinazopokea mawimbi ya minara ya simu iliyo karibu na njia, kisha chombo kilichomo ndani huyagawia simu za abiria. Antena huwekwa nje kwa sababu chuma cha behewa, na aghalabu vioo vyenye utando wa kuzuia joto, hudhoofisha mawimbi kabla hayajamfikia abiria. Na mnara ukiwa mbali mno, hata antena bora haina la kufanya. Reli yetu, iliyofunguliwa Mei 2017, hukata nyika ya Tsavo ambako makazi ni haba, na penye watu haba minara nayo huwa haba.

Kidogo kipatikanacho hapo ni cha abiria wote. Kijana mmoja akitazama filamu yenye picha safi, kwa saa moja aweza kutumia gigabaiti nzima au zaidi. Ujumbe wa maandishi wa mama anayeulizia hali ya mgonjwa hautimizi hata sehemu moja ya elfu ya kiasi hicho, lakini huenda ndio utakaokwama. Wenye reli ugenini wameliona hili. Shirika la reli la Ujerumani lilipowafungulia abiria wa daraja la pili huduma hiyo bila malipo mwaka 2017, liliweka kikomo cha megabaiti 200 kwa siku. Aliyekivuka alipunguziwa kasi. Filamu nazo zilihifadhiwa katika kompyuta iliyomo garimoshini, ili mtazamaji asiwamalizie wenzake.

Basi intaneti hii ni mfano wa kisima cha mtaa. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba maji, malisho na moto ni vitu ambavyo watu hushirikiana. Hatusemi kwamba hukumu ni ile ile moja kwa moja, bali adabu yake yatufaa: mwenye ndoo kubwa asiwakaushie wenye vikombe.

Tena, katika Suratun-Nisaa, aya ya 36, Mwenyezi Mungu ameamrisha wema kwa wazazi, jamaa, mayatima, maskini na majirani, na akamtaja mwenzi aliye ubavuni. Miongoni mwa wafasiri wapo waliosema kuwa huyo ni mwenzi wa safari. Ndani ya behewa mwaketi magoti kwa magoti takriban saa tano. Mwenzi huyo ana haki asisikilizishwe video zako kwa sauti ya juu, na ana haki usichungulie anachokisoma, kwani Suratul-Hujurat imekataza kupelelezana.

Kupelelezana kwenyewe huja kwa njia nyingine pia. Mtandao wa umma huingiwa na kila mtu, na wapo wezi wanaofungua mtandao wao wakaupa jina linalofanana na ule wa halali, kisha wakanasa nywila za watu. Kwa hiyo mama, ukitaka kutuma fedha au kufungua akaunti ya benki safarini, tumia data ya simu yako mwenyewe, wala usimpe yeyote nambari yako ya siri. Mali ni amana, na aghalabu ni ya familia nzima.

Kwa watoto, twanasihi hivi. Usiku wa kuamkia safari, pakueni nyumbani kisomo cha Qur'ani, hadithi njema na masomo yao, ili wasitegemee mtandao wa njiani. Wapeni visikizi vya masikioni. Na mkifika Tsavo waambieni waweke simu chini watazame dirishani. Huenda wakajaaliwa kuwaona tembo, nao ni katika ishara za Muumba. Wakumbusheni pia kwamba dua ya msafiri haitegemei mnara, na ni katika dua zinazotarajiwa kukubaliwa.

Huduma hiyo ikija, tuipokee kwa shukrani, na kila mmoja ateke kwa kiasi cha haja yake. Mwenyezi Mungu awafikishe salama wasafiri wetu wote na awarejeshe kwa jamaa zao. Amin.

Wallahu aalam.