Vya Kale na Vipya Katika Nyumba Moja

 

Hapa Bel-Air niliingia siku moja kwa jamaa moja. Muzee aliacha kazi ya Gécamines mwaka 2003, pamoja na maelfu ya wenzake, wakati wa départs volontaires. Katika salo kuna ordinatere yake ya zamani, yenye Windows XP. Mwana wake ameleta laptopu mpya. Nikasikia: «Papa, ile mashini imekwisha, tuiuzishe tu!» Muzee akajibu polepole: «Sura za mama yako ziko mule.» Wote wakanyamaza, na mimi pia.

Ndugu, si lazima kuchagua moja na kutupa nyingine. Mashini ya kale na mpya zinaweza kusemezana. Jambo hili linaitwa rezo ya nyumba. Wengi wanafikiri sharti kununua mega. Hapana! Rezo ya nyumba inatembea hata bila intaneti.

Tafuta rutere ndogo. Ya zamani uifunge kwa kable ya rezo. Kable hiyo inaweza kufika metre 100. Laptopu itaingia kwa wifi. Rutere itapa kila mashini adresi yake, kama vile kila parseli iko na namba yake katika avenue. Mara nyingi adresi inaanza na 192.168. Namba hizo zimetengwa kwa rezo za ndani, hazitembei katika intaneti. Mashini mbili zisiwe na adresi moja, kwa maana zitagombana.

Sasa angalia hapa, maana ndipo wengi wanakwama. Windows XP inatumia luga ya zamani ya kugawanya mafaili, jina lake SMB 1. Windows mpya nyingi zimeifunga luga hiyo. Si kwa kiburi! Mwezi wa 5, mwaka 2017, virusi WannaCry ilipita katika mlango huo na kufunga mafaili ya watu katika inchi nyingi sana. Rafiki atakuambia: «Fungula tu ule mlango katika laptopu.» Usikubali. Tena XP haipate matengenezo ya kawaida tangu tarehe 8 mwezi wa 4, mwaka 2014. Usiipeleke kwenye intaneti.

Fanya hivi. Kwanza, kopia sura zote na barua zote juu ya diski ya inje, kisha fungula kopia na uhakikishe. Usiruke hatua hii, kwa sababu kazi inayofuata inaweza kufuta yote! Pili, weka Linux nyepesi katika mashini ya zamani; hiyo inajua luga mpya. Tatu, katika laptopu tengeneza dosie moja, uiite «Jamaa», uifunge kwa neno la siri, na ugawanye hiyo tu, si diski nzima. Sasa Muzee atafungula sura kwenye mashini yake mwenyewe. Lakini kama anapenda XP yake, muiache kando ya rezo, na mumuheshimu.

Tena, kila sura ikae pahali pawili. Umeme unakatika, diski ya zamani inakufa bila kuaga. Siku hiyo jamaa isilie mara mbili.

Katika Matayo 13:52 Bwana Yesu alisema juu ya mwenye nyumba ambaye hazina yake ilikuwa na vya kale na vipya pamoja. Kijana, unajua mashini, lakini Muzee anajua majina ya watu walio katika zile sura. Kaa karibu naye, muulize, andika jina chini ya kila sura. Na wewe Muzee, usikasirike wakati mtoto anakufundisha. Kable tunanunua sokoni. Lakini kusemezana kwa baba na mwana, nani atatuuzishia?

Jumapili jioni, mbele ya maombi, fungueni sura moja pamoja. Mungu abariki nyumba yenu.

Pasta wenu